Sugu, Upofu na Ganzi: Safari ya Sitiari za Dhamiri Iliyofishwa katika Fikra ya Kikristo

Kiebrania cha Agano la Kale hakina neno mahususi la dhamiri. Kazi yake hufanywa na moyo, na moyo uliokataa kuonywa husimuliwa kwa lugha ya mwili. Katika kisa cha Farao, kitabu cha Kutoka hutumia vitenzi vitatu: kimoja chenye maana ya msingi ya kuwa na nguvu, cha pili cha kuwa mzito, cha tatu cha kuwa mgumu. Mtendaji naye hubadilika. Mara ni Farao mwenyewe, mara ni Mungu. Utata huo uliwasumbua wanateolojia kwa karne nyingi. Origen, katika karne ya 3, aliukabili kwa mfano wa jua moja linaloyeyusha nta na kuukausha udongo. Augustino alishikilia kwamba Mungu hatii uovu moyoni, bali huunyima rehema.

Agano Jipya lilileta istilahi mbili za Kigiriki. Ya kwanza ni syneidesis, yaani dhamiri, iliyoenea zaidi katika nyaraka. Ya pili, porosis, haijapewa uzito unaostahili. Matabibu wa Kigiriki waliitumia kutaja sugu inayoota mahali mfupa uliovunjika unapounga. Sitiari hii inabeba wakati ndani yake: sehemu yenye sugu iliwahi kuhisi. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, unaongeza picha ya chuma cha moto. Wafasiri wengine huiona kama chapa ya mtumwa au mhalifu, wengine kama uchomaji wa tabibu unaoiacha nyama bila hisi.

Vulgata ya Kilatini iliipindua picha hiyo. Katika Marko 3:5 na Waefeso 4:18, porosis ikawa caecitas, upofu. Badiliko hilo si dogo, kwani kipofu hulaumiwa kwa namna tofauti na mtu aliyejifisha hisi. Biblia ya Kiingereza ya King James (1611) ilibaki njia panda: ugumu kwa Marko, upofu kwa Waefeso.

Wakati huohuo, wanazuoni wa Zama za Kati waliuliza iwapo dhamiri yaweza kufa kabisa. Hoja yao ilianzia kwa Jerome, aliyeandika juu ya cheche ya dhamiri ambayo hata ndani ya Kaini haikuzimika. Kutokana na andiko hilo likazuka neno synderesis, ambalo wataalamu wengi huliona kuwa kosa la mnakili aliyeliharibu syneidesis. Kosa la kalamu likazaa mjadala wa karne nzima! Bonaventure aliiweka synderesis upande wa utashi. Thomas Aquinas aliiweka katika akili, akaitenga na dhamiri, ambayo kwake ni tendo la kuutumia ujuzi na hivyo yaweza kukosea.

Kiswahili kiliurithi mzigo huu kupitia neno la Kiarabu, dhamiri, ambalo asili yake ni kilichofichwa ndani. Sarufi ya Kiarabu hulitumia pia kwa kiwakilishi. Tafsiri ya Muungano ya 1952 iliweka ugumu katika Marko 3:5, lakini katika Waefeso 4:18 ikachagua ganzi. Uteuzi huo wa pili ni wa kusifiwa, maana unaurudisha mwili uliopotezwa na Kilatini. Hata hivyo ganzi huja na kuondoka. Mguu uliokaliwa vibaya huamka baada ya dakika chache. Sugu haiondoki hivyo, nayo huletwa na msuguano wa kila siku.

Kwa nini basi sugu halikutumika katika aya hizo? Huenda ni kwa sababu neno lenyewe lina nyuso mbili. Sugu ya kiganja cha mkulima ni ushahidi wa jasho, na ile ya paji la uso, sijida, katika jamii za Waislamu wa pwani huchukuliwa kuwa alama ya uchaji. Upande wa lawama upo pia, na umestawi nje ya kanisa: mahakama na magazeti humtaja mhalifu sugu, na hospitali huzungumzia usugu wa vimelea vilivyozoea dawa.