Hekalu lisilo na ukuta

Katika mji wa Matsuyama huko Japani, karibu na chemchemi za maji moto za Dogo, lipo hekalu la kale la dini ya Buddha liitwalo Ishiteji. Wenyeji wanalitunza, na wageni wanasafiri kutoka mbali kulizuru. Sisi je, tunacho cha kuwaonyesha wageni?

Swali hilo lilinipeleka wilaya ya Rungwe. Huko nako ardhi ina moto tumboni. Mlima Kyejo ulitoa lava yapata miaka 200 iliyopita, na bondeni Kyela maji moto yanabubujika hadi leo. Kutoka Suma, mzee mmoja alinifikisha Lubaga, katika nchi ya Selya. Nilitazamia jengo, nikaona miti.

"Ndipo hapa, baba?" nikamwuliza.

"Ndipo, mwanangu. Na hapa hatuingii na panga."

Lubaga ndiko alikokaa Lwembe. Wanyakyusa waliamini kuwa mvua, maziwa na rutuba ya nchi vimo mwilini mwake. Kwa hiyo hakuachwa afe kwa ugonjwa. Alipozidiwa, makuhani walimng'oa nywele na kucha ili zibaki Lubaga, kisha wakamziba pumzi, neema isije ikazikwa pamoja naye. Si ajabu kwamba waliochaguliwa walikikimbia cheo hicho! Wakinga nao waliteremka kutoka milimani na majembe ya chuma, wakashiriki tambiko. Makabila mawili, madhabahu moja.

Mwaka 1891 wakaingia wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin. Jina la Mungu walilolichukua ni Kyala, ambalo katika masimulizi ya kale lilikuwa la shujaa mmoja wa enzi za akina Lwembe. Basi kila Jumapili, Mnyakyusa anayeomba kwa lugha yake analitamka jina alilorithi kwa mababu haohao anaowaita wapagani.

Sisemi turudie kuziba watu pumzi, la hasha. Nasema tusione haya kuyajua ya kwetu. Hekalu la mbao likiungua, hujengwa tena kwa kufuata ramani. Msitu wa tambiko ukifyekwa, na mzee aujuaye akafa, ramani tutaipata wapi?

Babu yako yungali hai? Mwulize wiki hii, na uandike anayokujibu.