Utii Unaozaliwa na Upendo



Katika mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuna swali ambalo sisi mapadre huulizwa mara kwa mara, na anayeuliza kwa kawaida ni mama wa familia: “Padre, mume wangu amenikataza kwenda Misa ya Dominika. Mtume Paulo anasema nimtii mume. Sasa nimtii nani?” Swali hili halistahili kujibiwa kwa haraka mlangoni mwa sakristia. Linagusa mambo matatu ambayo Mkristo huyataja kila siku pasipo kutafakari namna yanavyoshikamana: upendo, imani na utii.

Tuanze na neno lenyewe. Mzazi akisema kwamba mtoto wake “hasikii”, hana maana kuwa mtoto ni kiziwi. Ana maana kuwa hatii. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 144) inafundisha jambo hilo hilo kwa kulirudia neno la Kilatini, ambalo nalo kutii kwake kunatokana na kusikiliza. Utii wa Kikristo, basi, huanzia sikioni kabla ya kufika mikononi. Mtu humsikia Mungu anayejifunua, husadiki kwamba asemaye ni mkweli, kisha hujikabidhi kwake. Mtume Paulo anaufungua na kuufunga Waraka wake kwa Warumi kwa usemi huo huo, utii wa imani (Rum 1:5, 16:26). Mtaguso wa Pili wa Vatikani uliuchukua usemi huo katika Konstitusio ya Kidogma Dei Verbum, na. 5, iliyotangazwa tarehe 18 Novemba 1965, ukaeleza kwamba kwa utii huo mtu hujitoa mzima kwa Mungu, akili yake na utashi wake, tena kwa hiari. Neno hilo la mwisho lisitupite. Anayeburutwa hajatii bado.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wengi wetu tulilelewa kwa methali hiyo, nami siidharau. Lakini inamfundisha mtu kutii kwa ajili ya mguu wake: atii asije akaumia. Huo waweza kuwa mwanzo wa malezi, ila hauwezi kuwa ukomavu wa mwana wa Mungu. Mtume Yakobo anakumbusha kwamba hata mashetani husadiki, na hutetemeka (Yak 2:19). Imani ya namna fulani wanayo, na hofu wanayo tele. Walichokosa ni upendo. Ndiyo maana Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba mapendo ndiyo yanayoipa imani umbo lake, na Paulo kabla yake aliwaambia Wagalatia kuwa iliyo na thamani ni imani itendayo kazi kwa njia ya upendo (Gal 5:6).

Bwana wetu mwenyewe aliupanga mpangilio huo usiku wa Karamu ya Mwisho. Alitaja kwanza kumpenda, kisha kuzishika amri zake (Yn 14:15). Na usiku ule ule akawaambia mitume kwamba hawaiti tena watumwa bali rafiki, kwa kuwa mtumwa hajui afanyalo bwana wake (Yn 15:15). Rafiki hutii akijua moyo wa anayemwagiza. Katika mfano wa wana wawili (Mt 21:28-31), yule aliyejibu vibaya ndiye aliyekwenda shambani, na yule aliyejibu kwa adabu hakwenda. Sisi mapadre, ambao tumejifunza kujibu vizuri, yatupasa kuusoma mfano huo taratibu.

Lakini je, upendo huo ukikutana na agizo lililo kinyume cha Mungu? Hapa Kanisa la Afrika Mashariki lina walimu wake. Kila tarehe 3 Juni tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda kama vijana waliokataa, na tunasahau kwamba kabla ya kukataa walikuwa watumishi hodari. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliaminiwa na Kabaka Mutesa, na baadaye na mwanawe Mwanga. Karoli Lwanga aliwasimamia vijana waliotumika ikulu. Hawa hawakuwa waasi. Walimtumikia Kabaka wao kwa uaminifu, na imani yao haikuwapunguzia bidii ya kazi.

Yosefu Mukasa alimwonya Mwanga kwa sababu ya kuuawa kwa James Hannington, Askofu wa Anglikana, mwezi Oktoba 1885, na aliwakinga vijana wasishirikishwe katika matendo ya uchafu. Kwa hayo aliuawa tarehe 15 Novemba mwaka huo. Lwanga alishika nafasi yake, akaendelea kuwalinda vijana hao, na katika siku za hukumu huko Munyonyo aliwabatiza wachache waliokuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka kama 14. Hawakuinua mkono dhidi ya mfalme. Walisema hapana katika jambo moja tu, lile ambalo mfalme hakuwa na haki ya kuliagiza, wakakubali kufungwa na kupelekwa Namugongo, walikochomwa moto tarehe 3 Juni 1886.

Kati yao alikuwemo Mbaga Tuzinde, aliyehesabiwa kuwa mwana nyumbani mwa Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mukajanga alimsihi akane imani, au walau akubali kufichwa. Kijana alikataa. Kila nisomapo habari hiyo humfikiria Mukajanga pia, mtu aliyempenda kijana wake na bado akatekeleza amri, kwa kuwa hakujua utii mwingine zaidi ya ule wa mguu usivunjike. Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso ukiwa bado unaendelea.

Upande wa pili wa jambo hili tumeuona katika siku zetu. Mwezi Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, yalianza kufukuliwa makaburi ya waumini walioelekezwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyopatikana ilipita 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Utii ulikuwepo pale, tena wa kutisha. Ila sauti iliyosikilizwa ilikuwa ya mtu aliyejiweka mahali pa Mungu. Kiongozi yeyote wa dini, awe padre, katekista au mwenye karama ya kuombea wagonjwa, anayedai utii usiohojiwa kwa nafsi yake, anadai kitu ambacho Kristo hakumpa.

Sasa turudi kwa yule mama. Kabla Paulo hajawataja wake, anawaagiza wote wanyenyekeane katika kicho cha Kristo (Efe 5:21), na mume anaagizwa kupenda kama Kristo aliyejitoa kwa ajili ya Kanisa (Efe 5:25). Mamlaka ya mume hayafiki kwenye altare. Hawezi kumfungua mkewe na amri ya Mungu, kwa sababu si yeye aliyemfunga nayo (rej. Mdo 5:29). Hata hivyo, kama kwenda Misa kutamletea kipigo, Kanisa halimtwishi dhambi anayezuiliwa kwa sababu nzito (KKK 2181). Misa ya Jumamosi jioni nayo inatimiza wajibu wa Dominika. Wasimamizi wa ndoa na paroko waelezwe mapema, na palipo na kipigo, dawati la jinsia la polisi pia.

Tumsikilize na mume. Mara nyingine imebainika kwamba hakukataza Misa hata kidogo. Alichokataza ni mazoezi ya kwaya ya kila jioni, watoto wakibaki bila chakula hadi saa tatu usiku. Hapo mama hana amri ya Mungu ya kujitetea nayo, na mwalimu wa kwaya aombwe kupunguza siku za mazoezi.