Athari ya jeni za mama

Athari ya jeni za mama ni hali katika biolojia ambapo umbo la kiinitete huamuliwa na jeni za mama yake badala ya jeni zake chenyewe. Hali hii ni tofauti na urithi wa kawaida, kwa sababu jeni hizo hufanya kazi ndani ya mwili wa mama wakati yai linapotengenezwa, kabla mbegu ya kiume haijalifikia.

Mara nyingi DNA huitwa ramani ya kiumbe. Ila ramani haijisomi. Protini za kwanza zinazosoma DNA ya kiinitete hutoka katika yai, ambalo pia lina mitokondria, akiba ya chakula na nakala nyingi za RNA zilizotokana na DNA ya mama. Mbegu ya kiume huleta hasa DNA. Kwa muda fulani kiinitete huishi kwa akiba hiyo: jeni zake huanza kufanya kazi kwa wingi kinapofikia seli 2 kwa panya, na seli 4 hadi 8 kwa binadamu.

Jeni ya bicoid

Mfano uliochunguzwa sana ni wa Drosophila melanogaster, nzi mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva mno. Yai linapokua katika ovari, seli jirani zinazolilisha huliingizia RNA ya jeni iitwayo bicoid, nayo hushikizwa upande mmoja tu. Yai likishatagwa, RNA hiyo hutumika kutengeneza protini inayosambaa kuelekea upande wa pili huku ikipungua. Viini vinavyozungukwa na protini nyingi huwasha jeni za kichwa na kifua. Viini vyote vina DNA ileile. Kinachovitofautisha ni mahali vilipo ndani ya yai.

Mama akikosa bicoid nzima, viinitete vyake vyote hukosa kichwa na kifua, na mahali pa kichwa hutokea sehemu za mkiani. Havinusuriki hata vikipata jeni nzima kutoka kwa baba, kwa kuwa jeni hiyo haitumiki katika kiinitete. Kinyume chake, kiinitete kisicho na jeni nzima hukua vizuri ikiwa mama yake anayo. Kikiwa jike, hasara itaonekana kwa watoto wake. Majimaji ya upande wa mbele wa yai zima yakidungwa upande wa mbele wa yai lenye kasoro, kichwa na kifua vinaweza kutokea.

Jeni hii iligunduliwa katika utafiti wa Christiane Nüsslein-Volhard na wenzake. Mwaka 1995 yeye, Eric Wieschaus na Edward B. Lewis walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi yao juu ya ukuaji wa kiinitete cha nzi huyu. Si wadudu wote wenye bicoid. Mbu, kwa mfano, hawana.

Konokono

Athari hii ilijulikana zamani kuliko bicoid. Konokono wa maji baridi wa jenasi Lymnaea kwa kawaida ana kombe linalojipinda kulia, lakini wengine hujipinda kushoto. Mwaka 1923 Alfred Sturtevant alieleza kwamba upande huo hufuata jeni za mama. Ndiyo maana konokono anaweza kuwa na jeni ya kulia, ambayo ndiyo yenye nguvu, na bado kombe lake likapinda kushoto.

Kuhamisha kiini

Yai linaweza pia kubadili matumizi ya DNA ya seli iliyokwisha komaa. John Gurdon alionyesha hivyo mwaka 1962 kwa kuweka viini vya seli za utumbo wa viluwiluwi katika mayai ya chura Xenopus yaliyoondolewa viini vyake. Baadhi ya mayai hayo yalikua. Kondoo Dolly, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1996, alitokana na kiini cha seli ya kiwele cha kondoo mzima. DNA ya kiini chake ilikuwa ya kondoo huyo, lakini mitokondria zake zilitoka kwa kondoo mwingine aliyetoa yai.