Aliyoyaona Vanne Gombe

Tarehe 14 Julai 1960, boti kutoka Kigoma ilimshusha Jane Goodall na mama yake, Vanne, kwenye ufuo wa Gombe. Jane, aliyekuja kuwachunguza sokwe mtu, alikuwa na miaka 26, bila shahada yoyote. Fedha zilitosha miezi sita tu, na kila alipowasogelea, sokwe mtu walitimka. Akaanza kujiona ameshindwa.

Kisha malaria ikawalaza wote wawili hemani.

Vanne, aliyekuwa akiwapa wavuvi dawa, alimkumbusha Jane aliyokwisha kuyaona kwa darubini kutoka kileleni: wanachokula sokwe, makundi yao, vitanda vyao vya matawi. Ukumbusho huo ulifaa kuliko sifa tupu.

Novemba, Jane alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichokoa mchwa kichuguuni kwa unyasi. Wataalamu walikuwa wakiamini binadamu pekee ndiye anayetengeneza zana.