Sandarusi ya Njia ya Uluguru

Fundi wa Uingereza au Marekani aliyeunda ufito wa kuvulia kwa mkono, mwishoni mwa karne ya 19, alilazimika kuamua kipi kitashika na kipi kitalinda. Kwenye mpini, pale pete za gome laini la vizibo zilipopangwa moja baada ya nyingine, alitumia gundi ya ngozi iliyochemshwa au shelaki kutoka India. Juu ya mpini, pale uzi wa hariri ulipofunga vikuku vya kupitishia mshipi, alipaka vanishi ili maji yasipenye na uzi usilegee. Akitaka vanishi ngumu ya kudumu, alitafuta iliyopikwa kwa sandarusi, utomvu mgumu wa mti, na sandarusi iliyosifiwa sana kwa ugumu iliitwa ya Zanzibar.

Zanzibar ilikuwa bandari yake. Sehemu kubwa ya sandarusi hiyo ilifukuliwa bara, katika ardhi ya mchanga mwekundu nyuma ya pwani ya Mrima, ikiwemo kandokando ya njia iliyoelekea milima ya Uluguru.

Mwezi Juni 1857 wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, wakafuata bonde la mto uliokuwa ukiitwa Kingani. Leo ni Ruvu, na maji yake yanaanzia Uluguru. Walivuka Uzaramo, wakaingia Ukutu na kufika Duthumi, chini ya milima, ambako homa iliwalaza wote wawili. Kutoka hapo wakasogea hadi Zungomero, kituo kikubwa cha misafara. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1860, Burton alieleza kwa kirefu biashara ya sandarusi ya nchi aliyoipita.

Wachimbaji wengi walikuwa Wazaramo, watu ambao simulizi zao zinarudisha asili yao Uluguru na Ukutu. Kwanza walikuwa wakulima. Mvua ilipolainisha ardhi, walichukua jembe lile lile la shambani, wakachimba vishimo vifupi, wakachekecha mchanga kwa vidole na kuhamia pengine. Burton aliwabeza kwamba ni wavivu, lakini hakuwatendea haki. Mkulima asiyejua bei itakayomsubiri pwani hakuwa na sababu ya kuacha mtama wake ili akeshe shimoni. Alichimba kwa kiasi kilichomfaa, akabadilishana kwa nguo na mahitaji mengine, kisha akarudi shambani.

Walichotafuta ni utomvu wa msandarusi uliodondoka na kuzikwa kwa mamia, pengine maelfu ya miaka, katika sehemu ambazo mara nyingi miti yenyewe ilikwisha kutoweka. Utomvu mbichi uliokwanguliwa kwenye mti hai ulikuwa laini, ukauzwa kwa bei ndogo India na China. Ule wa ardhini ndio uliotakiwa Ulaya na Marekani. Wataalamu walibishana kama vitu hivyo viwili vina asili moja, mpaka John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefika Zanzibar mwaka 1866, alipoonyesha kuwa vyote ni vya aina moja ya mti.

Kipande kilichotoka shimoni hakikuwa na mvuto. Kilifunikwa na ganda la mchanga, na thamani yake haikujulikana mpaka kioshwe kwa maji ya magadi na kusuguliwa kwa brashi. Hapo ganda lilitoka, na chini yake ikaonekana rangi ya asali yenye vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Vipele hivyo ndivyo wanunuzi walivyovitazama ili kutambua sandarusi iliyokomaa ardhini.

Biashara ilikuwa na ulinzi mkali. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sultani Sayyid Said na Marekani uliwafungulia wafanyabiashara wa mji wa Salem nchini humo milango ya Zanzibar, lakini Sultani aliendelea kuwazuia wageni wasinunue pembe na sandarusi moja kwa moja Mrima. Mzigo ulipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi na forodha iliyokodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji. Burton alikadiria kuwa ratili 800,000 hadi 1,200,000 zilisafirishwa kila mwaka, yaani tani 360 hadi 540 hivi.

Ng'ambo, kazi ya mpishi wa vanishi ilikuwa ya hatari. Sandarusi ngumu haiyeyuki kwenye mafuta mpaka kwanza ipashwe moto wa zaidi ya nyuzi 300, ikapoteza takriban robo ya uzito wake kwa moshi. Kisha yaliongezwa mafuta ya kitani yaliyo moto, na mwisho tapentaini, karibu kabisa na jiko linalowaka. Kilichopatikana kiling'arisha magari ya farasi, samani na fito za kuvulia.

Kushuka kwa biashara ya sandarusi kulitoka pande mbili. Nchini, Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, reli ikafika Morogoro, chini ya Uluguru, mwaka 1907, na mashamba ya katani yakadai vibarua wa mshahara. Ng'ambo, utomvu wa kauri wa New Zealand ulikwisha kuingia sokoni kwa wingi, kisha kemia ikaja na vyake. General Motors ilipaka magari ya Oakland ya mwaka 1924 rangi ya Duco, iliyokauka kwa muda mfupi sana kuliko vanishi ya zamani. Miaka ya 1930 Pierre Castan wa Uswisi aligundua matumizi ya epoksi. Siku hizi waunda fito wengi hutumia epoksi ya chupa mbili kwa mpini na kwa nyuzi pia.

Historia ya uchumi wa Morogoro husimuliwa mara nyingi kuanzia reli na katani, kana kwamba kabla ya hapo watu walilima chakula tu. Sandarusi inapinga hilo. Miaka 50 kabla ya garimoshi la kwanza kufika, wakulima wa njia ya Uluguru walikwisha kuuzia viwanda vya mabara mengine bidhaa waliyoijua vyema, wakipanga wenyewe msimu na saa za kazi. Vitabu vya forodha vilihesabu frasila zao. Majina ya wachimbaji hayakuandikwa, na wanaoandika historia ya mkoa huu wana sababu nzuri ya kuanza na vishimo vyao kabla ya kufika stesheni.