Woga wa Sarafu za Kale
Baadhi ya wakusanyaji wa sarafu huziepa za Wagiriki na Warumi, wala si kwa sababu ya bei, kwani nyingi ni rahisi. Sarafu za kisasa za aina moja hufanana. Za kale zilipigwa kwa nyundo, moja moja, hata zikatofautiana. Basi ya kughushi itajulikanaje? Mjerumani Carl Wilhelm Becker (1772-1830) aliutumia mwanya huo. Alichonga mihuri ya chuma kwa ustadi usiokanika, akapiga sarafu za dhahabu na fedha halisi, kisha akazitia pamoja na chembechembe za chuma katika sanduku alilolifunga kwenye gari lake la farasi, zichakae njiani. Wajuzi walidanganyika. Mihuri yake mingi imehifadhiwa Berlin, hivyo kazi yake hutambulika. Wanaoogopwa ni waghushi wasioacha mihuri.