Shule ya Bure, Mwalimu Je?

Mwaka 1906 Baba Mtakatifu na Serikali ya Mfalme Leopold II walipatana kwamba misioni zifungue shule katika Kongo. Mwaka 1974 Mobutu alizitwaa shule hizo. Mwaka 1977 Kanisa likarudishiwa kuziongoza, na mshahara ukabaki juu ya Serikali.

Lakini mshahara huo ulipungua hata haukutosha chumvi. Toka miaka ya 1990 wazazi ndio waliomlisha mwalimu: huku Masisi kwa maharagwe na viazi, kule Walikale kwa mihogo na ndizi. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianzia Ntoto katika Walikale, yakafika Masisi. Yalipotulia, walimu wengine walirudi, wakawaketisha benchi moja watoto wa makabila yaliyopigana.

Mwaka 2019 Serikali ilifuta malipo ya wazazi katika shule za msingi, za misioni pia. Tulishukuru, maana mtoto wa maskini aliingia darasani. Tukasahau kwamba walimu wengi hawakuwa wameandikwa katika orodha ya mishahara.

Ndugu, shule ya bure si mwalimu wa bure. Jumamosi twende salongo katika shamba lake. Yeye siku zote hulima akili za watoto wetu.